Samaki wa Ziwa Victoria na Namna Wanavyozaa

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na kati ya maziwa ya maji baridi duniani linazidiwa ukubwa na Ziwa Superior la Amerika Kaskazini peke yake. Hata hivyo kina chake ni kifupi. Palipo na kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, na wastani ni mita 40. Ziwa Tanganyika, jirani yake, linashuka hadi karibu mita 1,470. Kama nusu ya ziwa iko Tanzania, sehemu kubwa ya iliyobaki iko Uganda, na Kenya ina asilimia 6 hivi, ambayo sehemu yake mashuhuri ni Ghuba ya Winam. Maji yake mengi ni ya mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito kama Kagera, Mara na Nzoia huongeza kiasi kidogo, na jua hurudisha angani sehemu kubwa ya maji hayo kabla Mto Nile haujachukua fungu lake pale Jinja.

Ziwa linalotegemea mvua kiasi hicho linaweza kukauka, na hili lilikauka. Watafiti waliotoboa tope la sakafuni katika miaka ya 1990 walikuta, chini ya tope laini la ziwa, tabaka la udongo lililowahi kuwa nchi kavu. Umri wa tabaka hilo unaonyesha kwamba miaka kama 15,000 iliyopita bonde lote lilikuwa wazi, halafu mvua zikarudi na maji yakajaa upya. Kwa hesabu za jiolojia hiyo ni jana. Ndani ya muda huo mfupi walitokea samaki wadogo wanaoitwa furu, ambao kufikia karne ya 20 walikuwa zaidi ya spishi 500, karibu wote wasiopatikana mahali pengine popote. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kuwa limegawanyika kwa kasi kama hiyo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mababu wa furu wenyewe walikuwa machotara: koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilikutana na kuzaliana, na mchanganyiko huo ukawapa wajukuu tofauti nyingi za kuanzia.

Uzazi wa furu unaeleza mengi kuhusu wingi wa spishi zao. Dume huchimba kishimo mchangani au hulinda upenyo wa mwamba, akavaa rangi zake kali na kutetemesha mwili mbele ya kila jike anayepita. Jike akikubali hutaga mayai machache kwa wakati, makubwa kama punje za mtama, na mara hugeuka kuyaokota kwa mdomo, mara nyingi kabla dume hajayarutubisha. Kwenye pezi la dume lililo nyuma ya tumbo kuna madoa ya manjano au ya rangi ya chungwa yanayofanana sana na mayai. Jike huyadonoa akidhani ameacha mengine nyuma, na papo hapo dume humwaga mbegu zake. Mimba inatunga ndani ya kinywa cha mama. Wolfgang Wickler, mtaalamu wa tabia za wanyama, alipendekeza maelezo hayo mwaka 1962, na mtu yeyote mwenye tangi la kioo anaweza kuitazama hila hiyo ikitendeka.

Kwa wiki mbili hadi tatu jike hubeba mayai, na baadaye vifaranga, mdomoni. Muda huo hula kidogo au hali kabisa. Vifaranga wakianza kuogelea huwatoa kwa muda mfupi, na hatari ikitokea hufungua kinywa nao hukimbilia ndani. Jumla yao kwa uzazi mmoja ni makumi tu. Kila mmoja wao ana nafasi nzuri ya kukua, ila wako wachache, na hawasafiri. Mayai hayaelei kwenda mbali. Kifaranga hulelewa karibu na pale alipozaliwa mama yake. Kisiwa cha mawe kilichotengwa na kingine kwa kilomita chache za mchanga na tope kinaweza kuwa na furu wake, na jike wa hapo huchagua dume kwa rangi anayoijua. Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, wa pili akiwa na jina la Mwalimu Nyerere, wanakaa kwenye miamba ileile ya upande wa Mwanza. Tofauti inayoonekana upesi kati yao ni kwamba dume wa kwanza ana rangi ya buluu na wa pili ana mgongo mwekundu.

Kwa spishi zote hizo furu waligawana kazi karibu zote za mfumo ikolojia wa ziwa. Wapo waliokwangua mwani juu ya mawe, waliochuja viumbe wadogo wanaoelea, waliochambua mabaki yaliyooza chini, waliokula mabuu ya wadudu, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, na waliowinda samaki wenzao. Kundi moja lilikuwa na ujanja usiopendeza: liliwasumbua au kuwagonga majike waliobeba vifaranga hadi wawateme, kisha likawala. Kwa hiyo nguvu ya jua iliyonaswa na mwani ilipita katika njia nyingi zilizokatana, na njia moja ikiziba zilibaki nyingine. Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja kisha katika jumba la makumbusho la London, alitumia maisha yake kuwachora, kuwapima na kuwapa majina samaki hao, na hakuwamaliza.

Mvuvi wa zamani hakuwahesabu furu kuwa kitoweo cha heshima. Walikuwa wadogo na wenye miiba, chakula cha watoto na chambo cha ndoana. Samaki aliyetafutwa alikuwa ngege wa asili, Oreochromis esculentus, mla mwani, ambaye naye jike wake hulea mdomoni. (Nchini Kenya jina hilo leo hutumika pia kwa sato, ambaye ni mgeni na atafika mbele.) Alikuwapo kambale, na kamongo ambaye dume wake hulinda kiota chenye mayai kwenye matete na anayeweza kupumua hewa maji yakipungua; kwa ukoo wa Mamba huko Buganda kamongo ni mwiko kuliwa. Na alikuwapo ningu, Labeo victorianus, mwenye desturi ya pekee: mvua za masika zikianza aliacha ziwa na kupanda mito kwa makundi makubwa ili atage kwenye maeneo yaliyofurika, kisha yeye na vifaranga wakarudi ziwani maji yakishuka.

Kabla ya karne ya 20 samaki hao walivuliwa kwa migono, ndoana, mikuki, nyua za matete mitoni na kokoro zilizosokotwa kwa mafunjo. Zana hizo zilikamata kiasi kilichotosha kijiji na majirani. Kikwazo kikubwa kilikuwa soko: samaki asiyekaushwa haraka huoza, na aliyekaushwa alibebwa kichwani.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na soko la Nairobi likawa karibu. Mwaka 1905 nyavu za makila za nyuzi za kitani zikaletwa katika Ghuba ya Winam. Wavu wa makila hutegwa majini ukisimama wima, na samaki anayejaribu kupita hunaswa kwa matamvua. Ulimfaa mvuvi kupita chombo chochote alichokuwa nacho, na ndani ya miaka michache ukazunguka ziwa zima. Ngege wakaanza kupungua karibu na miji, kisha mbali na miji. Serikali za kikoloni zilimtuma Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, aliyepima ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilishauri kwamba matundu ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5, yaani milimita 127, ili ngege apate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Ilionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mlaji wa wenzake kutoka ziwa jingine ni hatari kubwa kama utafiti wa kutosha haukutangulia. Ushauri wa kwanza ulifuatwa kwa muda, na wa pili ulipuuzwa.

Sheria ya inchi 5 ilikuwa na mantiki ya uzazi, lakini ilisimamiwa na serikali tatu, kila moja na askari wake wachache na visingizio vyake. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilifika, imara kuliko za kitani na zisizooza, na kuanzia katikati ya miaka hiyo serikali moja baada ya nyingine iliondoa kikomo cha matundu. Wavuvi walikuwa wameshahamia matundu madogo. Kwa samaki anayezaa makumi au mamia na kuwabeba mdomoni, kila jike aliyenaswa ni kizazi kizima kilichotolewa majini, na ngege hakuwa na namna ya kufidia.

Kuanguka kwa ningu kulikuwa kwepesi zaidi kueleza. Samaki anayepita kwenye mdomo wa mto kwa majuma machache kila mwaka, tena akiwa na mayai tumboni, anajipeleka mwenyewe kwa mvuvi. Zamani nyua za matete ziliwakamata wengi lakini mafuriko yenyewe yalizivunja au kuzifunika, na sehemu ya kundi ilipita. Wavu wa nailoni uliotegwa kutoka ukingo hadi ukingo haukumwachia nafasi. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu, uliokuwa mkubwa kwenye mito ya Kenya, Uganda na Kagera, ulikuwa umekwisha kama biashara.

Wakati huo Jinja ilikuwa tayari na taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1947. Ndani yake na nje yake kulikuwa na mabishano makali. Maofisa wa uvuvi, hasa wa Uganda, waliona ziwa limejaa furu wasio na bei. Walitaka sangara, Lates niloticus, ambaye hukua hadi karibu mita 2 na zaidi ya kilo 150, awale furu na kugeuza nyama yao kuwa mnofu wa kuuzwa. Wazungu wachache walitaka pia samaki wa kuvua kwa mchezo. Sangara alikuwa Ziwa Albert chini ya Maporomoko ya Murchison, ambayo hakuweza kuyapanda. Upande wa pili, mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kwamba hesabu hiyo haikubaliani na kanuni za mnyororo wa chakula. Kila hatua moja ya mnyororo hupoteza sehemu kubwa ya nishati kwa joto, mwendo na uchafu, na mara nyingi kinachobaki ni kama sehemu moja ya kumi. Ziwa linalotoa tani kumi za furu haliwezi kutoa tani kumi za anayewala furu. Hoja hiyo hufundishwa leo shuleni, wala haikuhitaji darubini.

Mabishano yalikuwa yanaendelea huku jambo lenyewe limeshatendeka. Utafiti wa kumbukumbu uliochapishwa na Robert Pringle mwaka 2005 ulikusanya ushahidi kwamba sangara kutoka Ziwa Albert waliingizwa Ziwa Victoria kimyakimya upande wa Uganda mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la umeme la Owen Falls lilipozinduliwa. Sangara wa kwanza kunaswa walipoonekana mwaka 1960, ilidaiwa kwamba walipenya kutoka Ziwa Kyoga, lililo chini ya bwawa hilo kwenye Nile. Kwa kuwa samaki alikuwa ameshaingia, mwaka 1962 na 1963 mamia machache zaidi waliongezwa kwa idhini rasmi, Entebbe na Kisumu. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 waliletwa pia sato, Oreochromis niloticus, na jamaa zake, ili kuziba pengo la ngege.

Sangara huzaa kwa namna iliyo kinyume kabisa na ya furu. Jike mkubwa hutaga mamilioni ya mayai madogo mno yanayoachwa yaelee na mikondo, bila kiota, bila mlinzi. Karibu yote huliwa. Lakini mayai hayo husambaa ziwa zima, na hali ikiruhusu hata sehemu ndogo sana ya mamilioni inatosha kujaza maji. Kwa karibu miaka 20 haikuruhusu. Sangara alibaki adimu, na wengi walidhani mradi umeshindwa. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba furu wenyewe waliwazuia: walikuwa wengi kiasi kwamba vipimo vya kokoro za meli mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 viliwakadiria kuwa asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini, nao walinyang'anyana chakula na vifaranga wa sangara na huenda waliwala wachanga kabisa.

Kizuizi hicho kilidhoofishwa na binadamu. Katikati ya miaka ya 1970 meli za kukokota nyavu zilianza kuvua furu katika Ghuba ya Mwanza ili wasagwe kiwandani kuwa chakula cha mifugo, na Winam ilikuwa imevuliwa sana kabla ya hapo. Furu walipopungua sangara akapanda. Winam ilijaa sangara kuanzia mwaka 1980 hivi, Uganda ikafuata, na Mwanza ikapata wimbi lake katikati ya muongo huo. Kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, kikiwa na Frans Witte, kilikuwa Mwanza tangu 1977 kikihesabu furu kwa vituo vilevile mwaka hata mwaka, kwa hiyo kuna orodha ya kabla na ya baada, jambo la nadra katika visa kama hivi. Wavu uliokuwa ukiinuliwa umejaa furu wa aina chungu nzima mwishoni mwa miaka ya 1970 uliinuliwa mwaka 1987 ukiwa na sangara karibu watupu. Makadirio ya kundi hilo ni kwamba spishi kama 200 zilitoweka au zilibaki chache mno kuonekana. Samaki anayelea makumi mdomoni hawezi kushindana na mdomo unaomeza mama na watoto kwa pamoja.

Mtandao wa chakula ulifupika. Walaji wa mabaki walipoondoka, uduvi mdogo wa ziwa, Caridina nilotica, aliyekuwa akigombania nao makombo, aliongezeka kupita kiasi, na sangara wakala uduvi. Dagaa, Rastrineobola argentea, naye aliongezeka kwenye maji ya juu yaliyoachwa na furu wachuja maji. Sangara wakubwa walipokosa furu walikula vifaranga wao wenyewe. Ziwa lililokuwa na walaji wa kila aina likabaki na watatu wa kuhesabiwa sokoni: sangara, dagaa na sato.

Wavuvi wa mwanzo hawakumpenda sangara. Alipasua nyavu, alikuwa na mafuta mengi asikauke juani, na kumbanika kulihitaji kuni nyingi, hivyo miti ya visiwani na mwambaoni ikakatwa. Maoni yalibadilika fedha ilipoingia. Mavuno ya ziwa zima, yaliyokuwa kama tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970, yalifika karibu nusu milioni kuelekea 1990. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, kisha Jinja, Mwanza na Musoma, na minofu ikaenda Ulaya kwa ndege. Mapanki, yaani mifupa yenye kichwa iliyobaki kiwandani, yalikaangwa na kuuzwa kwa waliokosa fedha ya mnofu. Sangara wa chumvi, kayabo, akapelekwa Kongo. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa mara kadhaa, kwa hofu ya vimelea, kipindupindu na sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, na kila zuio lilisimamisha mialo kwa miezi. Fryer alikuwa sahihi kuhusu furu. Hakutabiri kwamba mavuno yote yangepanda, na watetezi wa sangara hawakuacha kumkumbusha.

Sehemu ya ongezeko hilo haikutoka kwa sangara hata kidogo, ila kwa maji yenyewe. Misitu iliyofyekwa, mashamba, mifugo na majitaka ya miji vilimwaga fosforasi na nitrojeni ziwani kwa miongo kadhaa. Mwani hulishwa na virutubisho hivyo. Ukizidi, maji hugeuka rangi ya kijani, na ukifa huzama na kuozeshwa na bakteria wanaotumia oksijeni. Kufikia miaka ya 1980 maji ya chini katika sehemu kubwa ya ziwa yalikuwa yanakosa oksijeni kwa miezi ya mwaka. Samaki wa kina walisogezwa juu, wakawa karibu zaidi na sangara na nyavu.

Maji machafu yaliwadhuru furu kwa njia nyingine iliyogusa uzazi moja kwa moja. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba penye maji yenye tope na mwani spishi ni chache na rangi za madume zimefifia. Katika matangi, majike wa zile Pundamilia mbili waliwachagua madume wa aina yao chini ya mwanga wa kawaida. Taa zilipobadilishwa hadi tofauti ya rangi isionekane, waliacha kubagua. Ziwani machotara walionekana mahali palipokuwa na giza hilo. Kwa hiyo baadhi ya spishi hazikuliwa wala kuvuliwa. Zilipotea kwa kuchanganyika, kwa sababu jike hakumwona dume vizuri.

Virutubisho hivyohivyo vililisha gugu maji, mmea wa Amerika Kusini wenye ua la zambarau, ulioingia kupitia Mto Kagera na kuonekana ziwani karibu na mwaka 1989. Gugu hili huzaa bila kuhitaji mbegu: shina hutoa tawi la mlalo juu ya maji, tawi hutoa mche mpya, mche hukatika na kuelea na upepo. Katika joto na maji yenye rutuba eneo lake linaweza kuongezeka maradufu kwa majuma machache. Mbegu zake, linazotoa pia, hulala kwenye tope miaka mingi. Mwaka 1998 Winam ilikuwa na hekta zipatazo 17,000 za gugu. Meli zilinasa bandarini Kisumu na wavuvi walishindwa kutoka mialoni. Fukusi wa jenasi Neochetina, wanaokula gugu hilo tu, walikuwa wameachiliwa miaka michache kabla, na pamoja na mawimbi na mvua za El Niño walisaidia kulipunguza sana kufikia mwisho wa muongo. Chini ya mazulia hayo kamongo na kambale, wanaostahimili upungufu wa oksijeni, walipata maficho na kuongezeka, jambo ambalo hakuna aliyelipanga.

Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, kuchukua nafasi ya ushirikiano uliovunjika pamoja na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Kanuni yake iliyojulikana zaidi ilimhusu sangara: avuliwe mwenye sentimita 50 hadi 85. Mdogo kuliko hapo hajazaa bado, na mkubwa kuliko hapo ni, kwa uwezekano mkubwa, jike mwenye mamilioni ya mayai, kwa kuwa majike hukua kuliko madume. Viwanda vilikubali kanuni hiyo kwa urahisi kuliko wavuvi. Halafu bei ya bondo, mfuko wa hewa wa sangara unaonunuliwa kwa ajili ya China, ilipanda kiasi kwamba bondo la sangara mkubwa linaweza kuzidi thamani ya mnofu wake. Soko hilo huwatafuta hasa majike ambao kanuni hiyo ilikusudia kuwalinda. Kokoro, nyavu za matundu madogo na ndoana ndogo huchukua upande wa pili, yaani wale ambao hawajafika sentimita 50.

Dagaa amestahimili yote hayo. Huzaa akiwa hajatimiza mwaka, na kizazi kimoja hufuata kingine upesi, hivyo wavuvi wanaomwita usiku kwa karabai, na sasa kwa taa za sola, huchukua zaidi ya nusu ya uzito wa mavuno yote ya ziwa. Sehemu kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku na samaki, na bei ya dagaa wa kuliwa na watu hupanda kwa sababu hiyo. Sato hufugwa kwenye vizimba vilivyotanda Winam, Jinja na Mwanza. Wafugaji hununua vifaranga waliofanywa madume peke yao, kwa sababu sato jike akiwa kizimbani hutunga mayai mapema na kuacha kukua.

Sangara walipopunguzwa na nyavu katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walirudi, hasa wale wa maji ya juu wanaochuja viumbe wadogo. Haplochromis pyrrhocephalus, aliyedhaniwa ametoweka katika Ghuba ya Mwanza, alionekana tena kwa wingi akiwa amebadilika: matamvua yake yalikuwa na eneo kubwa zaidi la kuvuta oksijeni, na vizazi vilivyotosha kuleta mabadiliko hayo vilikuwa vya miongo miwili tu. Walaji wa samaki na wavunjaji wa konokono wengi hawakurudi. Spishi kadhaa zilihifadhiwa katika matangi ya Leiden na ya hifadhi za wanyama za Marekani, ambako mpango wa kuwazalisha ulianza mwaka 1993. Ngege wa asili amebaki kwenye vijiziwa vya kandokando ambako sangara hakufika, na Ziwa Kanyaboli huko Siaya ndilo linalotajwa zaidi. Mabwawa ya matete hulitenga na ziwa kuu. Kuwarudisha samaki hao Ziwa Victoria kumejadiliwa mara nyingi, lakini sangara bado yumo na sato huzaliana na ngege, na uzao wa machotara hautakuwa wa ngege tena.